Mlolongo wa Ames

Likizo ya Krismasi chuo kilifungwa na wenzangu wakaenda makwao. Kwetu ni Kitale, na nauli sikuwa nayo. Hata ningekuwa nayo, wiki ile hakuna aliyekuwa anasafiri kwenda Kitale. Kenya ilikuwa imepiga kura Desemba 27, mshindi akatangazwa tarehe 30, ghasia zikazuka, na siku ya Mwaka Mpya mama aliniambia kwa simu kwamba barabara ya Eldoret imezibwa kwa mawe na magogo. Nilikuwa nanunua kadi za simu za dola tano tano. Laini ikishika, tunaongea. Ikikataa, nakaa dirishani kutazama theluji ya Ames, jimbo la Iowa, Marekani.

Mama mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na kitu, aliona ninavyokonda. Jioni ya Januari 3, 2008 aligonga mlango wa chumba changu akaniambia nivae koti, twende kwenye kokasi, mkutano wa mtaa wa kumteua mgombea urais wa chama. Nikamkumbusha kwamba mimi si raia. Akasema nitakaa na watazamaji, na hata hivyo chama chake cha Democratic hakitumii karatasi za kura usiku huo. Watu wanasimama tu.

"Wanasimama vipi?"

"Kila mtu na kundi la anayemtaka. Halafu tunahesabiwa."

Nilibaki na buti moja mguuni. Kwetu kitu hicho kina jina. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, chama tawala wakati huo, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wawaniaji au mawakala wao, na aliyezidisha asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri baadaye. Ndio mlolongo. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama siku hiyo katika mstari uliozunguka uwanja mzima wa mpira. Mstari wa pili, husema yeye, ungeingia kwenye matatu moja na viti vikabaki. Msimamizi akatazama huku, akatazama kule, akatangaza ule wa matatu. Nimelelewa na hadithi hiyo kama wengine walivyolelewa na ya sungura na fisi.

Njiani gari lilitambaa juu ya barafu, naye akinisimulia juu ya wawaniaji kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Edwards amemshika mkono mara mbili. Vijana wa Clinton wanapiga simu kila anapokaa kula. Obama amemsikiliza kwa karibu, anaongea vizuri, lakini ni mchanga. Mimi, mtoto wa mahindi, nilichokuwa nimekiona miezi ile ni jinsi wanasiasa wa New York na Chicago walivyojifunza ghafla kuipenda ethanoli, mafuta ya gari yanayotengenezwa kwa mahindi, kwa kuwa Iowa ni nchi ya mahindi. Trans Nzoia, kwetu Kitale, nayo ni nchi ya mahindi. Kwetu mwaniaji wa urais huja kwa helikopta, akapunga mkono, akatuachia vumbi.

Nikamwuliza ni nani aliyewapa kazi hii ya kutangulia.

"Hakuna," akasema. Baada ya vurugu za mkutano wa chama Chicago mwaka 1968, sheria za uteuzi zilibadilishwa. Iowa ilikuwa na ngazi nyingi za mikutano, kuanzia mtaa, kaunti, wilaya hadi jimbo, na kila ngazi ilihitaji muda, basi ya kwanza ikasukumwa hadi Januari 1972. Miaka minne baadaye Jimmy Carter, aliyekuwa hajulikani na wengi, akaja kubisha hodi nyumba kwa nyumba, akatoka hapa akiwa mtu wa kuandikwa magazetini. Na hata hakuongoza! Kundi kubwa zaidi mwaka 1976 lilikuwa la wasiomtaka yeyote bado.

Niliona ni upuzi, na bado naona. Iowa ilikuwa na watu kama milioni 3 katika nchi ya milioni 300, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa Wazungu. Ni sawa na ukoo wa watu mia kumwachia mtoto mmoja aonje mboga, akitema, sufuria inamwagwa kabla wengine hawajanawa mikono. Aliyefuata kuonja alikuwa jimbo la New Hampshire, lililojiwekea sheria kabisa kwamba mchujo wake, ambao ni wa kura za siri na si kokasi, utangulie mwingine wa aina hiyo kwa angalau siku saba.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kulia wa shule ya msingi, kwenye meza za watoto. Watu walikuwa 280. Asilimia 15 yake ni 42, na kundi lisilofikisha idadi hiyo lingevunjika. Kona ya Obama ilijaa hadi mlangoni: wakulima wenye kofia za makampuni ya mbegu, walimu, kijana wa miaka 17 aliyeruhusiwa kwa kuwa angefikisha 18 kabla ya Novemba. Weusi tulikuwa watano humo ndani, mmoja wao mimi nisiyehesabiwa. Nilijaribu kuwaza kwamba wote hawa wamemsimamia Obama, mtoto wa Mjaluo wa Kogelo, kwetu Kenya, nikashindwa kuwaza vizuri, kwa sababu wiki ile nyumbani jina la mtu, linaloonyesha kabila lake, lilikuwa linatosha kumchomea nyumba.

Wakaanza kuhesabu. Wa kwanza akasema moja, jirani yake mbili, sauti ikazunguka kona nzima, na namba ikaandikwa mbele ya macho ya wote. Kelele kidogo, vicheko, mtu akakosea wakarudia. Nilitoka nje kwa kisingizio cha msalani.

Niliporudi nilimkuta mama mwenye nyumba karibu na friji ya maziwa na watu 16, kundi la Biden. Kumbe siku zote alikuwa mtu wa Biden na hakuniambia! Walikuwa na kama nusu saa ya kuhama. Wajumbe wa kona nyingine waliwajia na biskuti na maneno matamu, kama madalali wa mbuzi. Yeye alikula biskuti ya Clinton, akafuta mdomo, akaenda kwa Obama. Jirani yake, muuguzi wa zamu ya usiku, hakuhesabiwa popote, maana asiyekuwepo saa moja jioni hakuwemo.

Usiku huo huo Biden alijiondoa. (Miaka 12 baadaye Iowa ilimpa nafasi ya nne, South Carolina ikamwokoa, na akiwa rais chama chake kikaiondoa Iowa mbele na kuitanguliza South Carolina.) Obama alipata karibu asilimia 38, Clinton akawa wa tatu. Wiki tatu baadaye South Carolina, ambako Weusi wengi walikuwa wakisitasita iwapo Wazungu wangemchagua kweli, ilimpa asilimia 55.

Saa nne usiku kwetu Ames ilikuwa saa moja asubuhi Kitale. Laini ilishika kwa mara ya tatu. Baba alikuwa salama, wamelala kwa mchungaji. Nikamweleza nilichokiona.

"Mlolongo?" akauliza. "Na wakamtangaza wa mstari mrefu?"

"Ndiyo, baba."

"Walihesabu mbele yenu?"

"Walihesabiana wenyewe, kwa sauti."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo. "Na wale wa mstari mfupi, walipelekwa wapi?"

"Waliambiwa wahamie kwa jirani."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu kura. "Kwetu sisi, yule wa mstari mfupi tulimpeleka Bungeni," akasema, kisha akampa mama simu.