Udongo wa mbuga uliogoma kushindiliwa: dawa ilikuwa chokaa

Hatimaye tabaka la chini la barabara yetu limetulia, naandika kwa aliyekwama kama sisi. Kipande chetu kinakatisha mbuga ya udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ulimbo masika. Rola likipita, ardhi inabonyea kisha inainuka nyuma yake.

Changarawe ilimezwa. Saruji ilishika nje ya mabonge tu. Ukilivunja bonge, ndani mfinyanzi uleule.

Kilichokubali ni chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji ikawa unga. Maabara walichanganya udongo na viwango mbalimbali vya chokaa, wakachagua kiwango cha chini kinachofikisha pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12.4. Tukatandaza nusu yake, greda likachanganya, boza likamwaga maji, rola likapita kijuujuu kuziba uso. Halafu tukauacha.

Hapo ndipo penyewe: usishindilie siku hiyohiyo, hata msimamizi akikuharakisha. Kalsiamu iliyomo kwenye chokaa inahitaji muda kupenya mfinyanzi. Baada ya siku mbili hivi, bonge lililokuwa likinata viganjani linapukutika ukiliminya. Likiwa bado linavutika, subiri. Ndipo tukaweka nusu ya pili, tukachanganya upya, tukashindilia kwa nguvu zote, na kulowesha uso kwa siku saba.

Mifuko ifungueni ya kutumika muda huo tu, maana chokaa ikikaa wazi hewa inaiua nguvu. Na tandazeni asubuhi kabla ya upepo, miwani na glavu zikiwa zimevaliwa. Vumbi lake linachoma macho vibaya.