Siku moja na kiti cha meno, Usa River

Saa 11:30 alfajiri. Tengeru bado kuna baridi inayoshuka kutoka Meru. Napiga mswaki, natema povu, sisukutui. Mume wangu hajakubali hadi leo, maana alikuzwa akiambiwa dawa ikibaki mdomoni ni sumu. Lakini ukisukutua papo hapo, floraidi, madini ya kwenye dawa yanayokinga jino lisioze, inaondoka na maji kabla haijalishika jino. Kutema kunatosha.

Saa 1:15. Leo Jumatano, siku ya soko. Daladala zinazotoka Arusha mjini zinamwaga akina mama na viroba vyao hapa Tengeru, sisi wa kuelekea Usa River tunapata viti.

Saa 2. Kabla ya mgonjwa yeyote natoa pakiti za vifaa kwenye mashine ya kuua vijidudu na kukagua utepe wa kila moja. Mistari yake ikiwa imegeuka myeusi, pakiti imepita kwenye joto. Isipogeuka, inarudi ndani. Nafungua pakiti mbele ya mgonjwa, aone kwa macho yake.

Saa 2:30. Kijana wa bodaboda, shavu limevimba. Wiki tatu amekuwa akinunua kapsuli za rangi mbili za kuua vijidudu na diklofenaki ya maumivu duka la dawa. Maumivu yanatulia, anarudi barabarani, yanaamka tena. Namweleza kuwa kiini cha jino kimeshakufa, damu haipiti tena mle ndani, kwa hiyo dawa ya kumeza haiwezi kulifikia tatizo lenyewe.

"Sawa dokta, ila hili ni la juu. Nimeambiwa ukiling'oa unapoteza jicho."

Hili nalisikia karibu kila wiki, na linaniuma, kwa sababu ndilo linalowakalisha watu nyumbani mpaka usaha. Mshipa wa fahamu wa meno na mshipa wa kuonea ni vitu viwili tofauti kabisa. Ganzi, dakika kumi, jino limetoka. Namwambia ang'ate pamba nusu saa bila kutematema. Anafumba jicho moja, halafu jingine, anaangalia kalenda ukutani.

Saa 4. Bibi mmoja amembeba mjukuu wa miezi saba. Mama wa mtoto yuko kazini shamba la maua. Mtoto anaharisha siku ya tatu, ana homa, macho yameingia ndani.

"Mwanangu, huyu ana meno ya plastiki. Kuna mzee kule kwetu anayatoa, lakini nimeona nipite kwako kwanza."

"Umefanya vyema sana, bibi. Hebu tuangalie wote."

Nawasha taa, nafunua mdomo wa mtoto kwa kidole. Kwenye fizi, panapokaa jino chonge, pana uvimbe mdogo mweupe. Nashika kidole cha bibi, naye apapase. Hicho ndicho wanachokiita plastiki: chonge la utotoni lenyewe, bado laini, likisubiri zamu yake. Kila mtoto analo. Wanaolichimbua hutumia spoku ya baiskeli au kisu. Mtoto aliyekuwa tayari amepungukiwa maji anapoteza damu, anaingiwa na vijidudu, na mara nyingine chonge la ukubwani nalo linaota limeharibika au haliji kabisa.

"Sasa kinachomharisha ni nini?"

Ni tumbo, bibi. Umri huu anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana kuharisha na kuota meno hukutana. Nampeleka mwenyewe hadi chumba cha watoto, anaanzishiwa ORS na zinki. Sikuondoka mpaka nilipomwona amemeza vijiko kadhaa.

Saa 6. Mtoto wa miaka saba, gego la mwisho limetoboka. Mama anasema ni la utoto, litang'oka. Siyo. Gego hilo huota kama miaka sita, nyuma ya yale ya utoto, bila jino lolote kung'oka, na ndiyo maana wazazi hawalitambui. Ni la maisha. Naliziba.

Saa 7. Makande. Mama anayetupikia anajua nitauliza kama ametia magadi. Magadi yanalainisha maharage haraka, lakini huja na floraidi, na huku kwetu tunayo ya kutosha kwenye maji.

Saa 8:30. Binti wa kidato cha pili. Ananiamkia akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Meno ya mbele ni ya kahawia, yana vishimo. Kila usiku anayasugua kwa mkaa na ndimu. Fizi ya chonge la kushoto imeshapanda, mzizi unaonekana, na maji baridi yanamchoma.

Nashusha barakoa, namwonyesha yangu. Nimekulia hapo jirani, Maji ya Chai. Niliyasugua kwa mchanga mpaka darasa la saba.

Anayatazama muda mrefu. "Kumbe siyo uchafu?"

Siyo uchafu. Rangi iliingia ndani ya jino likiwa bado linaumbwa chini ya fizi, kutokana na floraidi nyingi kwenye maji tuliyokunywa tukiwa wadogo. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Miamba ya volkano huku miteremkoni inafanya maji ya mito na chemchemi kadhaa yazidi kiwango hicho kwa mbali. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kinachoipunguza ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama wanavyofanya kituo cha kupunguza floraidi cha Ngurdoto.

"Na watoto wangu watazaliwa nayo?"

"Hairithiwi, mdogo wangu. Ni maji."

Tumepanga arudi Ijumaa niyafunike manne ya mbele kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino. Ndimu na mkaa ameahidi kuacha leo. Ameaga bila kuinua kiganja.

Saa 10:30. Naandika madaftari. Nesi wa watoto ananiambia mjukuu wa bibi amekojoa na ameanza kulia kwa nguvu. Nashukuru Mungu.

Saa 12 jioni. Nyumbani nagonga simtanki kusikia maji ya mvua yamebaki kiasi gani. Yamefika katikati. Nachota ya binti yangu wa miaka miwili, nayachemsha ya kunywa kesho. Sisi wakubwa tunakunywa ya bomba.