Risasi za Salaita

Matatu ya kwanza ya Taveta iliondoka Voi giza halijaisha. Tulipita Mwatate, tukapita Bura, na tulipofika Maktau jua lilikuwa limeshachomoza na udongo umekuwa mwekundu kama matofali. Hadi hapo Maktau ndipo Waingereza walipovuta reli mwaka 1915 kutoka Voi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ili wabebe askari, maji na mizinga kuelekea mpaka wa Wajerumani, waliotawala ng'ambo ya pili, Tanzania ya leo. Kutoka hapo ni Mbuyuni, kisha Salaita, kilima kidogo cha mapigano ya vita hiyo, ambacho mtu asiyeambiwa angekipita bila kugeuza shingo. Mimi nilishuka.

Walikuwa wakinisubiri watafiti wawili wa mabaki ya vita wenye kibali, pamoja na mzee mmoja Mtaita anayekijua kilima hiki tangu utotoni akichunga mbuzi. Kibali nakitaja makusudi. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuingia mahali kama hapa na mashine ya kutafutia chuma akajichimbia tu, na kufika adhuhuri nilikuwa nimeelewa kwa nini.

Mashine ililia mara ya kwanza karibu na kichaka cha miiba. Nilipiga magoti, nikafukua kwa vidole, nikainua kitu kilichopinda kidogo, kizito kuliko nilivyotarajia. Mzee akanishika kiwiko.

"Mwanangu, kirudishe. Kilikuwa kimelala vipi?"

Sikujua. Sikuwa nimetazama kilielekea wapi wala kilikuwa kina gani. Niliona aibu kweli. Mmoja wa watafiti alirekodi mahali pale kwa kifaa cha setilaiti, lakini upande ambao ncha ilikuwa imeelekea ulikuwa umeshapotea, na mimi ndiye niliyeupoteza.

Kuanzia hapo nilishika daftari tu, nikajifunza kusoma risasi. Jambo la kwanza ni kutenganisha ganda na risasi yenyewe. Ganda huanguka pale alipokuwa mpigaji. Risasi huenda kule alikokuwa adui. Maganda ishirini katika hatua tano ni watu waliolala kifudifudi wakifyatua. Risasi zilizotawanyika mbele yao ni majibu ya upande wa pili.

Ganda la kwanza tulilolisafisha lilikuwa na ukingo uliotokeza kwenye kitako, na urefu wake milimita 56. Hilo ni la bunduki ya Waingereza iitwayo 303. Chini ya uchafu zilijitokeza herufi KF, alama ya kiwanda cha Kirkee, India. Mtafiti alinionya nisikimbilie kusema aliyelifyatua alikuwa Mhindi, kwa sababu risasi za India zilisambazwa kwa vikosi vingi. Ganda la Mauser, bunduki ya Kijerumani, halina ukingo wa namna hiyo. Lina mfereji tu kuzunguka kitako, na urefu wake ni milimita 57.

Kwa risasi zenyewe tulitumia sumaku. Ile niliyoifukua kwa pupa ilikuwa na ncha kali na kutu ya kahawia, na sumaku ikainasa papo hapo. Gamba, yaani ngozi ya nje ya risasi, la Wajerumani lilikuwa la chuma lililopakwa madini meupe, ndiyo maana linaota kutu. Gamba la 303 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, sumaku hailigusi. Kisha tukatazama mikwaruzo ya mtutu kwa kioo cha kukuzia: kwenye Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza iliyofyatua 303, ni mitano, inapinda kushoto, kwenye Mauser ni minne, inapinda kulia. Miaka mia na zaidi ardhini, na mkono wa mtutu bado umeonekana wazi!

Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Ilikuwa donge la madini ya risasi matupu lisilo na gamba, limefunikwa na ukoko mweupe kama chokaa, kipenyo chake milimita 11. Hiyo ni ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Askari weusi wengi wa jeshi la Wajerumani walipewa bunduki hizo kuukuu, zilizotumia baruti nyeusi. Kila alipofyatua, moshi ulipanda juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali alipojificha. Donge hilo lilitoka kwa mtu aliyepigana hali moshi wake mwenyewe unamsaliti.

Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini wa upande wa Waingereza walikishambulia kilima hiki, kilichoshikwa na Wajerumani. Mizinga yao ilipiga kileleni, ilhali mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye vichaka vya mguuni mwa kilima. Walirudishwa nyuma, na kikosi cha Wabaluchi wa jeshi la India kikawazuia Wajerumani waliokuwa wakiwafuata. Nimewahi kuyasoma hayo, lakini nilipotazama ramani ya watafiti na kuona alama za maganda ya Kijerumani zimejipanga chini, kileleni hamna kitu, nilinyamaza kwa muda.

Alasiri mashine ililia tena. Safari hii kilichojitokeza kilikuwa kizima, ganda na risasi vikiwa bado vimeshikana. Hakuna aliyekigusa. Baruti ya zamani haiaminiki, na porini humo mabomu hayajaisha. Tulizungushia mawe, tukafunga kitambaa chekundu kwenye mti, na polisi wakapigiwa simu.

Tukikaa kivulini kuwasubiri, nilimwuliza mzee kama kuna wa kwao waliokuwa hapa siku ile.

"Babu yangu alibeba mizigo," akasema. "Hakupewa bunduki. Yeye hamtampata kwa mashine hiyo."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, chini ya namba ya risasi ya mwisho.