Zamu za Pengwini wa Simon's Town

Tulisikia punda kabla hatujaona ndege. Baba mkwe alisimama katikati ya njia ya mbao, akageuza kichwa kwenye vichaka, akasema, "Hapa kuna mtu anafuga punda." Sikumbishia. Sauti ilikuwa ileile ya punda wa kwetu: kwikwi za kuvuta pumzi, kisha mlio mmoja mrefu wa kuitoa yote. Kumbe ni pengwini dume, amesimama mlangoni kwa kiota chake, kidari mbele, mdomo juu mbinguni, anatangaza kwamba pale pana mwenyewe.

Tulikuwa Cape Town mwishoni mwa Machi 2025 kwa mahafali ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mahafali yalikwenda vizuri, alhamdulillahi, picha tunazo. Ninachotaka kusimulia ni Boulders, ufuo mdogo wa Simon's Town, kama kilomita 40 kusini mwa jiji, kwa sababu mambo niliyoyaona pale sijapata kuyaona, na niliyaona nikiwa nimesimama na baba mkwe ubavuni.

Lakini kwanza gari. Dereva tuliyepatana naye alisema randi 600, kwenda na kurudi, na kutusubiri. Kwa pesa yetu hiyo inakaribia shilingi elfu tisini. Tulipofika, akafungua mpya: kumbe kusubiri alikokusema ni saa moja tu, ikizidi kuna malipo mengine. Baba mkwe alimtazama, akashuka bila kujibu. Chai tuliyokunywa pale barabarani ilikuwa randi 35 kikombe, karibu shilingi elfu tano, na maziwa wanakuletea ya baridi. Upepo nao ulikuwa unatoka kusini-mashariki kwa nguvu mpaka nikaushika mtandio kwa mikono miwili. Getini angalau tulifarijika. Viingilio vimepangwa kwa madaraja, na sisi kwa pasipoti zetu za Tanzania tulilipa kile cha nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambacho ni nafuu kuliko cha wageni wa mbali.

Mimi, kama watu wengi waliowajua pengwini kwa televisheni ya watoto, nilidhani pengwini ni barafu. Hapa hapana hata chembe ya barafu. Pana mawe makubwa ya graniti, mchanga mweupe, vichaka, na nyumba za watu nyuma yake. Pengwini walihamia wenyewe. Mwaka 1982 walikuwa jozi mbili tu za kutaga, katikati ya makazi ya watu, na kupungua kwa uvuvi wa meli ndani ya ghuba ya False Bay kukawasaidia, wakazaana hadi kufikia maelfu. Wadogo kuliko nilivyofikiri, wananifika magotini hivi. Juu ya jicho wana kiraka cha waridi kisicho na manyoya, ndipo wanapotolea joto, maana taabu yao hapa ni jua. Niliwaona kadhaa wametanua midomo, wanatweta.

Sasa lile lenyewe. Kando ya njia ya mbao, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kwa mwavuli, palikuwa na jozi moja chini ya kichaka. Walikuwa wanachokorana manyoya ya shingo, huyu akimfanyia yule, taratibu, wamefumba macho nusu. Kisha wakainamiana vichwa. Yule mwenye mdomo mnene zaidi akazunguka nyuma ya mwenziwe, akaanza kumpigapiga ubavuni kwa yale mabawa yake mafupi, haraka haraka, mpaka mwili wote ukawa unatetemeka. Mwenziwe akalala kifudifudi, akainua mkia. Nikajua kinachokuja, na baba mkwe yuko hapa, tunagusana viwiko.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa. Kwetu mkwe ni mtu wa kuteremshiwa macho. Hata mbuzi wakipandana uwanjani, mkamwana huingia ndani akajifanya anatafuta ungo. Pale hapakuwa na pa kuingia. Nyuma wazungu wamejazana na kamera, mbele ni ubao, na njia yenyewe nyembamba. Dume akapanda mgongoni, akawa anakanyaga kutafuta mizani, anampiga mwenziwe ubavuni kwa mabawa asianguke, huku wakigonganisha midomo. Mikia ikakutana. Sekunde chache, basi, akateremka, akajikung'uta, wote wawili wakaendelea kuchokorana kama kwamba hapana kilichopita.

Nilikuwa natazama viatu vyangu. Baba mkwe ndiye aliyevunja kimya. Akamwita shemeji, akasema kwa sauti yake ya kawaida ya kuuliza bei ya samaki, "Muulize huyo binti, dume ni yupi, na wamefanyaje mbona sikuona kitu?"

Binti mfanyakazi wa hifadhi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, akajibu bila kusita, na shemeji, mhandisi wa jana, ikambidi amtafsirie baba yake mbele ya mke wa kaka yake. Jasho lilimtoka katika upepo ule. Alisema kwamba dume na jike kwa nje hawatofautiani sana, ila dume huwa mkubwa kidogo na mdomo wake mnene. Kwamba pengwini, kama ndege wengi, dume hana kiungo cha nje. Wote wawili wana tundu moja tu chini ya mkia, ndilo la haja na ndilo la uzazi, wakiyagusanisha mbegu inapita, kwa hiyo dume akiteleza au jike asipoinua mkia, ni bure. "Ndiyo maana hurudia rudia siku nyingi kabla ya kutaga," akamalizia, akageuka kutazama bahari.

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa. "Kama kuku," akasema. Na hapo aibu ikaniisha kabisa. Alikuwa anauliza kwa sababu anataka kujua, na mimi pia nikatambua kwamba nataka kujua. Tukakaa. Saa ya dereva ikapita, hatukuitazama.

Binti yule alitueleza mengi, na mengine tuliyaona wenyewe. Jike hutaga mayai mawili, la pili siku chache baada ya la kwanza. Wanayaatamia wote wawili, kwa zamu, karibu siku 40. Mmoja akilalia, mwenziwe yuko baharini anakula, akirudi wanabadilishana. Huko kwenye barafu ya Antaktika, pengwini kaisari, wale wakubwa kuliko wote, wana mpango mwingine. Yai ni moja, dume hulibeba juu ya miguu yake kama miezi miwili ya giza la kipupwe bila kula, jike yuko baharini. Hawa wa Afrika wanagawana sawa. Wengi hurudiana mwaka hadi mwaka, jozi ileile, kiota kilekile. Wanaachana pia, hasa pale uzazi unapoharibika.

Kiota chenyewe kina kisa kilichonichoma. Zamani, katika visiwa vya pwani ile, kinyesi cha ndege kilikuwa kimegandamana kwa karne nyingi, tabaka nene, na pengwini walichimba mashimo yao humo, ndani mna kivuli na ubaridi. Katika karne ya 19 watu wakagundua kwamba ni mbolea bora, wakakikwangua mpaka mwamba, wakakipakia melini kwenda kuuza. Mayai nayo yakaokotwa kwa wingi yakaliwa mezani hadi kati ya karne ya 20. Ndiyo sababu leo unawaona wamelalia mayai juani, na joto likizidi mzazi huinuka kwenda majini, shakwe akalichukua yai. Watu wanajaribu kulipa deni: tuliona viota vya kutengenezwa, vibanda vidogo vya mviringo vimepandwa mchangani, na ndani ya kimoja kichwa kimetokeza kinatuangalia.

Kiota tulichokishikilia zaidi kilikuwa na makinda mawili. Wana vinyoya vya kahawia, laini, ambavyo haviwezi kuzuia maji, kwa hiyo hawawezi kuingia baharini mpaka vibadilike, na hiyo huchukua miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Mmoja alikuwa mkubwa dhahiri, yai la kwanza. Mzazi aliyekuwa zamu alisimama juu yao, na wale makinda wakimgonga mdomo kuomba chakula, naye hana. Aliinua mdomo juu ili wasimfikie.

"Na mwenziwe asiporudi?" baba mkwe akauliza.

Shemeji akatafsiri. Binti akasema, anasubiri. Anasubiri kadiri mwili unavyomruhusu, na njaa ikimzidi anaondoka kwenda kutafuta. Makinda yakiwa makubwa hukusanyika na wenziwe, lakini yakiwa madogo shakwe wanafika mapema. Na samaki wakiwa wachache, mzazi anayerudi na kidogo humlisha anayesukuma kwa nguvu zaidi, mdogo hufa. Chakula chao ni saradini na dagaa wa baharini, na hao ndio haohao wanaotakiwa na meli za nyavu kubwa. Samaki wakihama au wakipungua, pengwini inabidi aogelee mbali zaidi, na kila saa anayoongeza kule ni saa ya njaa huku. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, jozi za kutaga hazifiki 10,000 duniani kote. Mwezi uleule tuliokuwa pale, Mahakama Kuu ya Pretoria ilithibitisha makubaliano kati ya mashirika ya hifadhi, serikali na wavuvi wa saradini: meli hizo zisivue karibu na makazi sita makubwa ya pengwini hao kwa miaka 10.

Nilitegemea baba mkwe awatetee wavuvi. Amevua Pangani maisha yake yote. Hakuwatetea. Alikaa kwenye benchi, akaanza kusema, na maneno aliyoyasema sikuwahi kuyasikia miaka yote niliyokaa nyumbani kwake. Kwamba mume wangu alizaliwa yeye akiwa dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, msimu samaki walipoadimika, na kila siku nahodha akisema kesho tunarudi. Aliporudi mtoto alikuwa ameshanyolewa na jina ameshapewa. Mama mkwe alikuwa ameishi kwa kukopa unga dukani. "Hakunilaumu," alisema. "Lakini alikonda. Nilimkuta amekonda vile." Akanyamaza, kisha akamwambia shemeji asinitafsirie mimi maneno ya binti kwa kifupi, nielezwe yote.

Mimi nilikuwa nimeelewa. Mume wangu ni dereva Muscat, mkataba wake umeongezwa tena, ndiyo maana mahafali ya mdogo wake nimekuja mimi na baba. Pesa inafika mwezi kwa mwezi, sina lawama. Lakini watoto wanapoulizia, na ada ya shule imefika kabla ya mshahara, najua kusimama na mdomo juu kunavyokuwa.

Mwenziwe yule mzazi wa zamu alirudi karibu na saa kumi na moja. Walianza kutoka majini kikundi kikundi, wanasukumwa na wimbi, wanasimama, wanajikung'uta, wanapanda mchanga kwa mwendo wao ule wa kuyumba. Mmoja akajitenga akaelekea upande wetu. Kabla hajafika akalia, na yule wa kiotani akaitika. Wanatambuana kwa sauti katikati ya kelele zote zile. Wakainamiana, makinda yakamrukia, akawatapikia samaki mdomoni, kwanza mkubwa, na nikashusha pumzi nilipoona amebakiza cha mdogo. Yule wa zamu hakukaa hata kidogo. Aliteremka moja kwa moja baharini. Baba mkwe alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, mzungu mmoja akageuka.

Njiani kutoka, binti alitupa hadithi moja ambayo baba ameshaisimulia msikitini Pangani mara nyingi. Mwaka 2000 meli iitwayo Treasure ilizama kati ya visiwa vya Robben na Dassen, ikamwaga mafuta. Pengwini wapatao 19,000 walioshwa kwa mikono, na wengine karibu idadi hiyo, waliokuwa bado safi, walikamatwa wakapelekwa Port Elizabeth, mamia ya kilomita mashariki, wakaachiwa kule ili bahari isafishwe kwanza. Waliogelea kurudi nyumbani. Watatu walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakaitwa Peter, Pamela na Percy, na watu wakawa wanaangalia siku kwa siku wanavyokaribia.

Dereva, bila shaka, alikuwa ameondoka, na nusu ya malipo alishachukua. Gari ya pili ilitutoza randi 450 kwa kurudi tu, na samaki wa kukaanga tuliokula njiani alikuwa randi 130 sahani, hana kichwa, hana mwiba, hana ndimu. Baba aliuliza kichwa kiko wapi, akaambiwa hawauzi. Chumbani blanketi lilikuwa jepesi kama la mtoto, na la ziada lilikuwa na bei yake.

Nikijaliwa nitarudi, safari ijayo na mume wangu, na tutakwenda Desemba. Wakati huo wakubwa wanabadili manyoya yote kwa pamoja, wanakaa nchi kavu kama wiki tatu bila kula kwa sababu hawawezi kuingia majini, na makinda yaliyochelewa kuzaliwa hubaki bila mlishaji. SANCCOB, shirika lililoanzishwa mwaka 1968, huyachukua, huyalisha samaki mmoja mmoja kwa mkono, na yakikomaa huyarudisha baharini. Hilo ndilo ninalotaka alione.