Mradi wa ndege darasani: mimi niligawa mahali, sikugawa ndege

Karibu kila niliyemwomba ushauri kabla ya kuanza mradi huu aliniambia jambo lile lile. Gawa darasa katika vikundi, kila kundi lipe ndege wake, wachore, waandike anakula nini na anaishi wapi, bandika mabango ukutani, kazi imekwisha. Ushauri huo ulinikera kwa sababu mabango ya namna hiyo nimeyaona miaka nenda rudi. Mwenye mwandiko mzuri anaandika, anayejua kuchora anachora, waliobaki wanashika gundi. Kundi la bundi halijui lolote kuhusu bata, na kundi la bata halina haja ya kuuliza. Makazi ya ndege nayo yanaishia kuwa neno moja kwenye kona ya bango: "Msituni." "Majini." Mtoto anayeandika hivyo hajajifunza kwa nini ndege yule yuko pale na si kwingine.

Kwa hiyo niligawa mahali. Kundi moja nililipa kuta na paa la jengo la madarasa, la pili mti mkubwa pamoja na vichaka vilivyo chini yake, la tatu uwanja wa nyasi, la nne sehemu yenye maji, yaani mfereji na dimbwi linaloachwa na mvua. Hakuna kundi lililopewa ndege. Lilipewa kipande cha ardhi, na ndege yeyote aliyetua, aliyepita, aliyelala au aliyekula hapo alikuwa wao.

Mipaka niliizungusha kamba mwenyewe kabla watoto hawajafika, na mwalimu mkuu alikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Jambo lililohitaji mashauriano lilikuwa saa. Ndege wengi hujilisha kwa nguvu asubuhi na mapema, baada ya usiku mzima bila kula, na jua likipanda hujificha kivulini. Kipindi chetu cha sayansi kilikuwa mchana. Nilimwendea mwenzangu wa hisabati nikamwomba tubadilishane, na badala yake nikamwahidi idadi zote ambazo watoto wangekusanya azitumie kufundishia wastani na grafu za mihimili. Alifurahi mno. Watoto waliochoka kuchora grafu za matunda ya kubuni walikuwa wakibishana kuhusu grafu ya shomoro waliowahesabu kwa macho yao.

Kuhusu darubini, nilisisitiziwa sana kwamba bila darubini nisianze. Nilianza bila. Katika umbali wa uwanja wa shule jicho tupu linaona umbo, mkia, namna ya kuruka, namna ya kutembea. Nilichowapa watoto ni vipimo vitatu wanavyovijua: shomoro, njiwa na kunguru. Kila ndege mgeni aliandikwa kwanza kwa kulinganishwa na hao: mdogo kuliko shomoro, kati ya shomoro na njiwa, sawa na kunguru, mkubwa zaidi. Baada ya hapo mdomo, miguu, mkia, na alikuwa akifanya nini. Rangi iliandikwa mwisho, kwa makusudi, kwa sababu mtoto akianza na rangi haoni kingine, na rangi yenyewe hubadilika kwa mwanga. Gharama yote haikuvuka karatasi, penseli, gundi na kamba. Darubini moja kwa kundi zima ingeleta ugomvi tu, mmoja anatazama na wengine wanasubiri zamu huku ndege anaondoka.

Sasa nieleze ujanja wa penseli, ambao ninajivunia kuliko yote. Katika kila kundi, mtazamaji haruhusiwi kushika penseli, na mwandishi haruhusiwi kumtazama ndege. Mwandishi anakaa amegeuzia mahali pale mgongo. Anaandika kile tu anachoambiwa. Mara ya kwanza watazamaji walisema, "Kuna ndege mzuri!" na waandishi wakauliza, "Mzuri vipi? Niandike nini?" Kimya. Ikabidi mtazamaji atafute maneno: ana mdomo mfupi mnene, anaokota chini, anaruka kwa miguu miwili pamoja, hatembei kwa hatua. Mwandishi akauliza mkia, mtazamaji akatazama mkia ambao hakuwa ameuona. Baada ya dakika chache wanabadilishana. Nilikaa pembeni nikisikiliza watoto ambao darasani huwatoi neno wakielezana kucha na manyoya kwa uangalifu ambao sijawahi kuupata kwa kuwaamuru waelezane. Hakuna mtu anayeweza kujificha katika mpango huo. Asiposema, karatasi inabaki tupu; asiposikiliza, inajaa uongo, na zamu ikibadilika uongo unaonekana.

Kulikuwa na mtunza saa, na kulikuwa na msikilizaji. Msikilizaji anachora alama katikati ya karatasi, ambayo ni yeye mwenyewe, kisha anaweka alama nyingine kila sauti inakotokea, mbele, nyuma, karibu, mbali. Mmoja wa wanafunzi wangu haoni vizuri, na watu wawili tofauti walinishauri nimpe kazi ya kupaka rangi mabango. Ushauri huo uliniumiza. Yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji bora wa darasa zima, na kundi la mtini lilimtegemea kwa sababu majani yanaficha ndege lakini hayafichi sauti. Ni yeye aliyemgundua kigong'ota kwa mdundo wake kwenye gogo kabla hajaonekana na mtu.

Simu ilikuwa moja, yangu, yenye programu ya Merlin ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo ni ya bure na husaidia kutambua ndege kwa picha au sauti. Sharti langu lilikuwa kwamba haifunguliwi mpaka kundi liwe limeandika kisio lake na sababu zake. Mkianza na simu, watoto wanaitazama simu na ndege anasahaulika.

Kuhesabu kulileta shida yake. Siku za mwanzo kundi la uwanjani lilikuja na idadi kubwa mno ya njiwa, kwa sababu njiwa wale wale walikuwa wakiruka, wanazunguka jengo, wanarudi, na kila wakirudi wanahesabiwa upya. Nilitumia kanuni ya hesabu ya ndege wa bustanini inayofanywa na RSPB, shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, tangu mwaka 1979: unaandika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa mara moja, basi. Ukiona njiwa wanne pamoja, kisha watatu, kisha sita, unaandika sita. Watoto walielewa papo hapo na ubishi ukaisha. Muda niliweka dakika 15, ambao ndio muda mdogo unaotakiwa katika hesabu ya ndege inayoendeshwa kila Februari na Cornell na Audubon, shirika la kuhifadhi ndege la Marekani, tangu mwaka 1998, na makundi yote manne yalihesabu katika dakika zile zile, ili tuweze kulinganisha mahali na mahali. Sifuri iliandikwa. Hili nililishikilia kwa ukali. Mtoto anaona aibu kuleta sifuri na anataka kubuni ndege, lakini uwanja usio na ndege hata mmoja wakati mti ulio karibu una wengi ni habari kubwa, na ndiyo inayozaa swali la kwa nini.

Kisha likaja suala la mbayuwayu, na hapo ndipo mradi wote ulipojilipa.

Kundi la jengo liliandika kwamba chini ya paa kuna vikombe vya udongo vilivyobandikwa ukutani, na kuna ndege wanaingia na kutoka kwa kasi, lakini hawakumwona hata mmoja akila. Kundi la uwanjani liliandika ndege weusi kwa juu wenye mkia uliogawanyika, wanapita karibu na nyasi mdomo wazi, hawatui kamwe. Wakahitimisha kwamba ndege hawa wanaishi angani. Kundi la majini liliandika kitu kilichowashangaza wenyewe: ndege wadogo wanashuka kwenye ukingo wa dimbwi, wanachukua tope mdomoni, wanaondoka, wala hawanywi maji. Kila kundi lilikuwa na uhakika lina ndege wake.

Sikuwaambia. Niliwapanga upya katika vikundi vya pili, kila kikundi kikiwa na mtoto mmoja kutoka kila mahali. Mpango huu si wangu. Ulianzishwa mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, na mwanasaikolojia Elliot Aronson, wakati watoto weusi, weupe na wa asili ya Mexico walipoanza kusoma pamoja na madarasa yakajaa uhasama. Aligawa somo vipande, kila mtoto akawa na kipande chake peke yake, na wenzake hawana pengine pa kukipata isipokuwa kwake. Kwa ndege na makazi yao mpango huu unafaa kabisa, maana ndege wenyewe hawaishi katika kipande kimoja.

Katika kikundi kimoja binti wa jengo alisema, "Wetu wana mkia kama mkasi." Wa uwanjani akajibu, "Hata wetu." Wa majini akauliza vile vikombe ni vya udongo gani, wa jengo akasema ni madonge madogo madogo yamepangwa, mengine bado mabichi. Kelele iliyotoka hapo ilisikika darasa la jirani. Ndege mmoja! Analala ukutani, anakula wadudu juu ya nyasi, anajenga kwa tope la dimbwi. Kijana mmoja akasimama akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tukifukia dimbwi, hawa wa ukutani watajenga na nini?" Swali hilo ndilo makazi yenyewe, na limetoka kwa mtoto. Bango lingewapa neno "Majengoni" na ingekuwa mwisho wa habari.

Kikundi kingine hakikukubali, na kilikuwa na hoja. Kilisema baadhi ya weusi wale wa angani ni tofauti, mabawa yao marefu yamepinda na hawajawahi kuonekana kwenye waya wa umeme, ilhali wenye mkia wa mkasi hupumzika pale kwa safu. Walikuwa sahihi. Hao ni teleka. Mbayuwayu hutua kwenye waya. Teleka miguu yake ni mifupi sana na kucha zake zimeumbwa kushikilia ukuta uliosimama wima, na hawezi kukaa kwenye waya au tawi kama ndege wengine. Teleka wa Ulaya amepimwa akikaa angani hadi miezi 10 bila kutua, kati ya msimu mmoja wa kuzaa na mwingine. Nilipowaeleza hivyo, walitaka kutazama miguu ya kila ndege. Tukarudi kwa kigong'ota: vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia mgumu anaouegemeza kwenye shina. Kulastara wa mferejini: miguu mirefu ili asilowe tumbo. Bata: utando kati ya vidole. Somo la miguu nililipangia kipindi kizima baadaye. Watoto walilimaliza wenyewe siku hiyo.

Kuna ushauri mbaya zaidi ambao naomba mwalimu yeyote asiufuate. Niliambiwa nilete kiota darasani ili watoto waone kwa karibu, na nimwage makombo ya mkate uwanjani ili ndege waje. Kiota hakiondolewi. Hata kinachoonekana kitupu huenda kinatumika, na ndege wanaoatamia wakisumbuliwa wanaweza kuyaacha mayai. Nchi nyingi zina sheria juu ya hili. Marekani sheria ya mwaka 1918 inakataza kumiliki hata manyoya ya ndege wengi wa porini. Sisi tulitazama kwa mbali na kuchora, na kila kundi lilikuwa na mstari ambao halivuki. Na mkate, mbali na kuwa hauna lishe ya kumfaa ndege, unaharibu utafiti. Ukimwaga makombo katikati ya uwanja, unajifunza mahali ulipomwaga mkate, hujifunzi mahali ndege anapopahitaji.

Zao la mwisho lilikuwa ramani moja kubwa ya eneo la shule, ya darasa zima, karatasi za manila zimeunganishwa. Kila ndege ana uzi wa rangi yake unaopita kila mahali anapofanya jambo: analala hapa, anakula pale, anaoga kule. Uzi wa mbayuwayu unagusa sehemu tatu, wa shomoro unazunguka jengo na hauendi mbali. Mtu hawezi kuweka uzi peke yake, lazima amwite wa kundi jingine athibitishe.

Alama nazo nilizitoa kwa namna inayolingana na kazi. Nusu zilikuwa za karatasi za kundi. Nusu nyingine kila mtoto alizipata kwa kueleza mbele yangu mahali ambapo hakuwahi kukaa, kwa kura: wa mtini anaulizwa dimbwi, wa dimbwini anaulizwa paa. Niliwatangazia hilo tangu mwanzo, na sidhani kama kuna kitu kingine kilichowafanya wasikilizane kwa bidii ile. Ukitangaza mwishoni, hutapata faida hiyo.

Msimu ukibadilika tunarudi kwenye kamba zile zile, saa zile zile, makundi yakiwa yamebadilishana mahali. Mbayuwayu wengi ni ndege wa kuhama, na safu ya pili ya ramani tumeiacha wazi kwa ajili hiyo. Kundi la uwanjani tayari limeniuliza kama wakikuta sifuri itahesabika. Nimewaambia itaandikwa kwa wino.