Sauti ya Spacio Yetu, Ndani ya Teksi ya Japani

Nilitakiwa kushuka Geidai-dori, hatua chache tu kutoka makumbusho ya magari ya Toyota, mjini Nagakute. Nikapitiliza. Linimo ni treni isiyo na dereva, na ikitembea haigusi reli. Sumaku huiinua milimita chache ikaelea. Nilisimama kwenye kioo cha mbele kabisa, njia inanijia usoni, nikashtukia tumefika Yakusa, mwisho wa reli.

Mvua ilikuwa inanyesha, nikakimbilia teksi. Yen 2,400! Karibu shilingi 40,000 zetu, wakati treni ingenirudisha kwa yen mia chache. Hadi leo inaniuma.

Mlango ulijifungua wenyewe. Dereva, mzee mwenye glovu nyeupe, akawasha gari, na sauti ya mwanamke ikasema sentensi moja yenye neno "kaado" ndani yake.

Mwili ulinisisimka. Ni yule yule! Ndiye anayesema kila asubuhi kwenye Toyota Spacio yetu ya mtumba kule Tabata, Dar es Salaam, na Mama humwitikia, "Haya, asante mwanangu," akiamini tunatakiwa safari njema. Sentensi nzima tumeikariri tangu utotoni. Nikamtamkia mzee.

Akageuka, akaniangalia kwa mshangao. Kisha akachomoa kadi kwenye pochi, akaisukuma kwenye kijisanduku chini ya usukani, sauti ikabadilika. Simu ikanitafsiria: "Kadi ya ETC haijaingizwa." Ni kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, mfumo ulioanza 2001.

Makumbusho nilizunguka saa mbili, magari mazuri mno, lakini akili ilibaki kwenye teksi. Niliwaza skrini za magari, kama ile ya Spacio yetu, zilikotoka. Mwaka 1956 Buick walionyesha Centurion, gari la maonyesho lenye kamera ya televisheni nyuma na skrini yake kwenye dashibodi, badala ya kioo cha kutazamia nyuma. Mwaka 1981 Honda wakauza kifaa cha kuonyesha njia kisichotegemea setilaiti: ramani zilichapwa kwenye karatasi angavu, unapachika moja mbele ya skrini, ukitoka eneo lake unabadilisha kwa mkono. Mwaka 1987 Toyota Crown ikaja na ramani kwenye CD.

Ndoto zote hizo zilitufikia Tabata, ila hakuna aliyekuja kutufasiria. Skrini ya Spacio inaonyesha kimshale kimesimama katikati ya bluu tupu, kama ngalawa baharini. Baba alikuwa akiifunika kwa kitambaa isipigwe na jua. Aliitunza kama redio mpya, na hakuwahi kuiona ikimwonyesha hata Buguruni.

Usiku nikampigia Mama, nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo miaka yote anaomba kadi?"

"Ndiyo, Mama."

"Maskini. Na hiyo kadi inauzwa wapi?"