Mama Shiku alipoacha kupayuka

Mwaka jana niliandika mchezo mfupi wa jukwaani kuhusu muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi. Katika onyesho la tatu, kijana mmoja anakuja kudai hela ya "ulinzi" na kumtisha. Mama Shiku nilimpa maneno makali: "Mimi siogopi mtu! Thubutu kunigusa utanijua!" Nililipenda sana jibu hilo, hata nikawa nalitamka peke yangu jikoni.

Siku ya mazoezi, kwenye ukumbi tuliokodi Kaloleni, mwigizaji alilisema na wenzake wakaangua kicheko. Mmoja wao, ambaye mamake huuza viatu huko huko Gikomba, akaniuliza: "Na kesho atafungua kibanda wapi?"

Sikuwa na jibu.

Jioni moja, nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, vijana wawili walishika mlango. "Gari yenu safi. Vioo mlinunua ngapi?" Makanga hakuinua uso. Noti zake alikuwa amezikunja kwa urefu, kazipachika katikati ya vidole kama kawaida yao. "Jana nilimpa mkubwa wenu. Mwulizeni." Sauti ilikuwa shwari kabisa, lakini nilikuwa nimekaa karibu naye: alihesabu noti zile zile mara tatu.

Nikarudi kufuta. Nilianza na tishio lenyewe, maana nalo lilikuwa bovu. Soko lililopoteza watu 15 katika moto mmoja tu, wa Juni 2018, halihitaji mtu wa kusema "nitakuchomea". Sasa kijana anapapasa nguzo ya kibanda: "Mathe, hizi mbao zimekauka sana."

Mama Shiku anachambua kamera, zile nguo bora zinazotangulia kutolewa mtumba ukifunguliwa. Jibu lake lilinitoa jasho. Niliandika matusi, nikaandika maombi, nikajaribu hata kimya (kimya ni ujanja wa mwandishi mvivu, na mimi nimeutumia sana). Mwishowe akasema: "Mamako ana deni la sweta hapa. Mwambie nimemsalimia."

Mwigizaji alitaka kulisema kwa ukali. Nikamwomba aendelee tu kufunga vifungo vya blauzi, na afunge vibaya.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mtoto wa muuza viatu alitaka tu kujua kama deni litalipwa, na hapo ndipo lilipozaliwa onyesho la nne: asubuhi, Mama Shiku anakuta sweta mlangoni, imefuliwa na kukunjwa vizuri, inanuka mafuta ya taa.